Kabla ya Kuacha Mshahara, Tuhesabu Kwanza Vyote Unavyoleta Nyumbani



Katika mikutano ya chama kuna swali linalorudi mara kwa mara: "Niache kazi ya biro, nianze biashara yangu, ili nipate kulea watoto wangu mwenyewe?" Anayeuliza ni mama wa banki, wa sosiyete ya simu au wa sosiyete ya madini. Asubuhi anatoka nyumbani kabla jua halijapanda, jioni anarudi na kukuta watoto wamekwisha kulala. Kazi za masomo zimeangaliwa na mtumishi, au hazikuangaliwa na mtu. Sisi walimu tunayaona hayo katika kaye za watoto.

Swali hili si la mchezo. Nyuma yake kuna bukari ya watu saba au wanane, kodi ya nyumba, dawa, na feza ya masomo. Kwa hiyo hatutasema "acha" wala "usiache". Tunataka tukae pamoja na kaye na biki, tufanye hesabu ambayo wengi hawaifanyi mpaka wamekwisha kutoa barua.

Kwa nini mama anafika hapo

Mara nyingi wazo la kuacha linakuja kisha mtoto kuzaliwa, na sheria yenyewe inaonyesha sababu. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama majuma 14 ya pumziko la uzazi. Katika hayo, yasiyozidi 8 ni ya kisha kuzaa. Wakati huo mama anapata theluthi mbili za mshahara. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku.

Majuma 8 ni miezi miwili isiyotimia. Mtoto bado hajakaa, hajaota jino, na mama amerudi biro. Nusu saa mbili zinasaidia kama nyumba iko karibu. Mama anayefanya kazi mbali na kwao, nusu saa inaishia njiani. Ndipo anaanza kusema, "Kama ningekuwa na kazi yangu nyumbani..."

Neno hilo ni la haki. Lakini mji wetu umekwisha kuona watu wengi wakiacha mshahara kwa wakati mmoja, na tunapaswa kusikia habari yao.

Somo la Gécamines

Wakubwa wetu wanakumbuka usemi wa makambi ya Union Minière na kisha Gécamines: kazi njo baba, njo mama. Haukuwa usemi wa bure. Kampuni ilitoa mshahara, lakini ilitoa pia posho ya unga kila mwezi, nyumba, hospitali, na masomo ya watoto. Wamama walifundishwa kushona na kupika katika foaye ya kambi. Baba alileta kazi moja, na kazi ile ikaleta vitu vitano au sita.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kisha mambo yakaenda kushuka tu. Miaka ya mwisho ya 1990 na ya kwanza ya 2000 wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila mshahara. Mwaka 2003 na 2004, kwa feza ya Banki ya Dunia, ukafanyika mpango ulioitwa "départs volontaires", ni kusema kuacha kazi kwa mapenzi. Watu 10,655 wakatoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wengi wao walikuwa wametumika miaka 25 au zaidi.

Kila mmoja alitoka na feza mkononi. Nyingine ikaenda kulipa madeni ya miezi ile isiyolipwa. Nyingine ikanunua gari la kufanya taksi, nyingine ikafungua butike. Gari likaharibika, butike ikaliwa na watu wa nyumba. Wengi walijikuta bila feza, bila posho, bila hospitali, na masomo ya watoto yakawa ya kulipa. Wakajipanga katika shirika lao, wakapeleka malalamiko mpaka Banki ya Dunia.

Katika nyumba nyingi, ni nani aliyeshika familia? Ni mama aliyekuwa amekwisha kuanza kabla ya siku ile: mwenye meza ya unga na mafuta sokoni, mwenye shamba la mihogo nje ya mji, mwenye mashine ya kushona. Feza yake ilikuwa kidogo, lakini alijua bei, alijua wateja, alijua mwezi gani ni mbaya. Baba alitoka na feza bila kazi. Mama alikuwa na kazi bila feza nyingi. Aliyekuwa na kazi ndiye aliyedumu.

Somo letu ni hilo. Tofauti yetu na wale ni kwamba sisi tunaweza kuchagua siku ya kutoka. Tuitumie nafasi hiyo.

Mshahara si feza tu

Chukua kaye, gawanya ukurasa sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni feza inayobaki. Si ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara, bali ile inayobaki ukiondoa gharama za kwenda kazini. Tuchukue mfano, namba hizi ni za kufundishia tu, kila mama aweke zake. Mama anapata dola 400. Anatoa 40 za usafiri, 60 za mtumishi wa watoto, 30 za chakula cha mchana, 20 za nguo na nywele za biro. Jumla 150. Kwa hiyo mshahara wake wa kweli ni dola 250. Mama wengi wakifanya hesabu hii wanashangaa.

Sehemu ya pili ni dawa. Kama sosiyete inalipia hospitali ya watoto, andika malaria ngapi mwaka uliopita, uzazi mangapi, operesheni ngapi. Gawanya kwa miezi 12. Tuseme ni dola 30 kwa mwezi. Basi biashara haitafuti 250, inatafuta 280.

Sehemu ya tatu ni uzee. CNSS, ile tuliyoizoea kwa jina la INSS, inatoa pensheni ya kila mwezi kwa aliyefika miaka 60 na kuchangiwa miezi 180, ni kusema miaka 15. Mama aliyetumika miaka 13 akiacha leo, amebakiza miezi 24. Mwenye miaka 3 hana hasara sawa na yake. Kabla ya kuandika barua, nenda CNSS na nambari yako, uliza umeandikiwa miezi mingapi. Uliza pia namna ya kuendelea kuchangia kwa mapenzi yako ukiwa unajitumikia.

Sehemu ya nne ni saa, na ndiyo inayotutoa kazini. Andika saa unazotaka kupata: kupeleka mtoto masomo, kumpokea mchana, kuangalia kaye jioni. Uziandike kwa namba. Kwa maana biashara nyingi zinazoitwa za nyumbani zinakula saa kuliko biro.

Hesabu ya kuku

Tuchukue biashara inayotajwa kila mara: kuku wa mayai. Tulitafuta dola 280 kwa mwezi. Tuseme, kwa mfano tena, kwamba ukilipa chakula na dawa, plato moja ya mayai 30 inakuachia faida ya dola moja. Unahitaji plato 280 kwa mwezi, ni kusema mayai 280 kila siku. Kuku hawatagi wote kila siku. Wakitunzwa vizuri, kuku 100 wanatoa mayai karibu 80. Basi unahitaji kuku 350, si 100.

Tena kuku wa mayai anaanza kutaga akiwa na majuma 18 mpaka 20. Mpaka siku hiyo amekula karibu kilo 7. Kwa kuku 350 ni karibu kilo 2,450, mifuko 49 ya kilo 50, kabla ya kuona yai moja. Wakianza kutaga, wanakula karibu kilo 40 kwa siku.

Hatusemi kuku ni kazi mbaya. Wako wamama katika mji huu wanaolisha nyumba kwa kuku. Lakini mama anayeacha kazi mwezi wa kwanza, ananunua vifaranga 100 na kungojea mayai ya kulipa kodi ya mwezi wa tatu, hesabu yake haikubaliani na kuku. Angeanza na 50 akiwa bado kazini, angejifunza kwa mshahara, si kwa njaa. Na bei ya chakula cha kuku haikai pale pale: ina mahindi ndani, na mahindi na unga tunavitafuta sana Zambia. Mpaka ukifungwa au Kasumbalesa ikiwa na shida, meka ya unga inapanda sokoni, na chakula cha kuku nacho kinapanda.

Biashara inayopatana na nyumba

Tunapouliza kama biashara inapatana na nyumba, tuulize mambo matatu: inafanyika saa gani, inangoja wapi, na nani mwingine anaweza kuifanya mama akiugua.

Kushona kunaweza kufuata saa za masomo. Watoto wakitoka asubuhi, mashine inaanza. Wakirudi mchana, inasimama. Lakini kazi ina msimu: Julai na Agosti kila mtu anataka uniforme ya bluu na nyeupe kwa Septemba, nayo ndiyo miezi watoto wako nyumbani siku nzima. Anayejua hayo anaanza kukata vitambaa mwezi wa tano. Na mashine ya miguu inashona hata SNEL ikikata umeme.

Munkoyo inapikwa jioni, inachachuka usiku, inauzwa asubuhi. Inaanza kwa feza kidogo na inaacha mchana huru. Inadai usafi mkubwa, maji yaliyochemka na vyombo vilivyooshwa vizuri, kwa sababu mteja mmoja akiumwa tumbo avenyu yote itajua.

Mikate na keki zinatafutwa kwa ndoa, ubatizo na komuniyo. Lakini sikukuu hizo ni Jumamosi na Jumapili, siku ambazo mama alitaka kukaa na watoto. Na furu ya umeme bila umeme ni sanduku tu. Fikiri juu ya makala au gesi kabla ya kupokea oda.

Kuna kazi nyingine ambayo sisi walimu tunaiona kila siku na wachache wanaifanya vizuri: kulea watoto wadogo wa wamama wengine. Masomo ya msingi ya serikali ni bila malipo tangu Septemba 2019, na shule za chekechea zinapokea watoto wa miaka 3 mpaka 5. Mtoto wa miezi miwili mpaka miaka mitatu hana mahali. Mama anayebaki nyumbani na mtoto wake anaweza kulea watatu au wanne wengine, katika nyumba safi, yenye uzio, maji na mtu wa pili wa kumsaidia. Aulize kwanza komini na huduma ya mambo ya jamii vitu gani vinatakiwa. Biashara hii inazaliwa na shida ile ile iliyomtoa kazini, na wateja wake ni wamama wenzake wa zamani wa biro.

Feza ya kazi na feza ya chungu

Butike nyingi hazifi kwa kukosa wateja. Zinaliwa. Mtoto anachukua biskuti, shemeji anachukua sukari "nitalipa kesho", mama anachukua unga wa jioni kwa sababu ni wake. Mwisho wa mwezi meza iko tupu, na hakuna anayejua nani aliiba. Hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo kaye ziwe mbili. Moja ya biashara: kilichoingia, kilichotoka, kila siku, hata franka 500. Nyingine ya nyumba. Kila juma biashara inamlipa mama mshahara wake, kidogo lakini uliopangwa, na chungu kinapikwa kwa mshahara huo. Mama akichukua unga wa butike anaandika na kulipa kama mteja. Wengine watamcheka. Waacheni wacheke.

Likelemba nayo ina nafasi yake. Zamu yako ikifika, iende kununua chombo cha kazi, si kuziba tundu la mwezi. Kama unajua zamu yako itaangukia kwenye tundu, ni alama kwamba saa ya kuacha mshahara haijafika.

Baba, watoto na sheria

Biashara haiwezi kuitwa ya familia kama inakaa mgongoni mwa mama peke yake. Alipokuwa biro, kila mtu aliona kwamba anatumika. Sasa yuko nyumbani, na watu wanasema "hana kazi, yuko tu". Wageni wanaongezeka, mtumishi anaondolewa, wagonjwa wa ukoo wanaletwa kwake. Saa alizokimbilia zinamalizika kabla ya yeye kushika mkasi.

Maneno haya yasemwe mbele ya bwana kabla ya barua kuandikwa, si kisha. Nani atapeleka watoto? Nani atachota maji kama Regideso haitoi? Saa mbili mpaka saa sita za asubuhi, ni nani atajibu mlango? Watoto wakubwa nao wapewe kazi yenye jina, lakini isiyogusa saa ya masomo. Mtoto anayeuza munkoyo wakati wenzake wako darasani hajasaidiwa na biashara ya mama yake.

Kuhusu sheria, tujue hivi. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilitaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kwa mambo ya kisheria. Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa bwana na bibi wanapaswa kupatana, mmoja kama mwingine. Mkipatana, andikeni pia mashine ni ya nani na mtaji ulitoka wapi, kwa sababu siku ya kifo watu wa ukoo wanafika haraka kuliko makaratasi.

Biashara ndogo nayo iwe na karatasi yake. Nchi yetu iko katika OHADA tangu Septemba 2012, na sheria zake zinamtambua mtu anayeanza kidogo peke yake kwa kujitangaza tu, bila kufungua sosiyete. Guichet Unique ya hapa Lubumbashi inaeleza njia. Kwa patanti na kodi za komini, lipa mahali panapotoa risiti, na zitunze zote.

Kutoka kwa mlango

Kama umehesabu na umeona kwamba unaweza, toka vizuri. Sheria ya Kazi inamtaka mfanyakazi mwenye kontrati isiyo na mwisho atoe taarifa mbele. Mwajiri anayemwondoa mtu anapaswa kumpa siku 14 za kazi, pamoja na 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika; mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anatoa nusu ya hizo. Mama wa miaka 6: 14 na 42 ni 56, nusu yake ni siku 28 za kazi. Ukitoka bila siku hizo, unaweza kudaiwa. Uliza konje ambayo hukuichukua, nayo inalipwa. Dai cheti cha mwisho wa kazi. Usigombane na mtu: biro uliyoiacha inaweza kuwa mteja wako wa kwanza.

Na kama hesabu inakataa, si aibu kubaki. Kuna mama anayeomba kubadilishiwa saa, kuna anayebaki miezi 24 amalize CNSS yake, kuna nyumba ambamo bwana ndiye anaanza biashara na mama analinda mshahara.

Tunaomba kila mama anayefikiri jambo hili afanye kitu kimoja kabla ya mkutano ujao: kwa siku 30 aendeshe biashara yake jioni na mwisho wa juma, na mshahara wa mwezi huo ale kama vile ni dola zile tu ambazo biashara ingempa. Tofauti aiweke kando, iwe mtaji. Mwisho wa siku 30 atajua kama nyumba imeweza, na feza haijapotea. Aje na kaye yake. Tutaihesabu pamoja naye.